Isipokuwa Mgeni Rasmi

Mzee Simeoni Ntandu alikuwa na bunduki ya mitutu miwili, leseni isiyo na doa, na imani kwamba ajali huwapata watu wasiojua bunduki. Yeye bunduki alikuwa akiijua. Aliishika kwa miaka thelathini na moja akifukuza nguruwe pori na ngedere kwenye mtama wake nje ya Ilongero, na tangu waanzishe Klabu ya Shabaha hakuna aliyewahi kumwondoa kwenye nafasi ya kwanza, wala kwenye kiti cha uenyekiti. Mambo hayo mawili wanachama waliyaona kuwa ni jambo moja, naye hakuona haja ya kuwasahihisha.

Kila Jumamosi asubuhi, kabla risasi hata moja haijalia, mwenyekiti alihutubia kuhusu usalama. Kanuni alizijua kwa moyo. Kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi, hata kama umeitoa mwenyewe. Mtutu usielekee kitu ambacho hutaki kukiua. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka jicho liwe limeiona shabaha. Na ujue kilicho nyuma ya shabaha yako. Alizisema kwa sauti ya kuungurumisha matumbo, huku amejiegemeza kwenye bunduki yake kama mtu aliyejiegemeza kwenye fimbo ya kuchungia, mdomo wa mtutu ukiwa chini ya kwapa lake mwenyewe. Hakuna aliyecheka. Mtu mzima hachekwi, na mwenyekiti ndio kabisa.

Basi klabu ikapata barua. Ili iruhusiwe kufanya mashindano ya kumpata mtu mmoja wa kwenda kulenga shabaha Dodoma, ilitakiwa iwe na msimamizi wa mstari aliyesomea kazi hiyo, mwenye filimbi, daftari, na mamlaka ya kumtoa mchezoni mtu yeyote atakayevunja kanuni. Waliofaa walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Idrissa, koplo mstaafu, mwenye sauti ya kurudisha ng'ombe waliokwisha vuka mto. Wa pili alikuwa Editha, aliyepitia jeshi la kujenga taifa na kozi ya wiki tatu, na ambaye alikuwa mkamwana wa mwenyekiti, mke wa mwanawe Michael.

Mwenyekiti alisimama kumpigania Editha. Alisema dunia imebadilika, kwamba wanawake wanaweza, kwamba klabu isiyomwamini mwanamke haina maendeleo. Wajumbe waligonga meza. Wengine walimwambia nje ya kikao kwamba hawakujua kama ana upeo mkubwa kiasi kile. Hakuwaambia kwamba Idrissa, mwezi mmoja nyuma, alikuwa amemwambia mbele za watu, "Mzee, angalia mtutu wako," na kwamba maneno hayo bado yalikuwa yamemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Editha asingeweza kumwambia hivyo. Katika ukoo wao mkamwana hampazii sauti baba mkwe, hampi mkono, wakikutana njiani yeye ndiye anayepisha, na jina la baba mkwe halitamki hata akiwa peke yake jikoni. Editha aliishika desturi hiyo bila kuyumba. Miaka kumi na moja aliyokuwa ameolewa na Michael, ambaye muda mwingi alikuwa Sekenke akichimba dhahabu iliyokuwa inamkimbia, jina la Simeoni halijawahi kumtoka mdomoni. Hata zamu yake ya kusoma kanisani ilipoangukia habari za yule mzee aliyempakata mtoto Yesu hekaluni, alisoma "yule mzee," akapita. Waumini walielewa.

Kwa hiyo, kwenye kuita majina, baba mkwe alikuwa Namba Moja. Mwenyekiti alilipenda jina hilo kuliko lile la ubatizo. Na alijiambia, akivuta shuka kitandani, kwamba mwenye filimbi asiyeweza kukupulizia wewe ni msimamizi mzuri sana.

Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba binti aliichukua kazi ile kwa utani.

Wiki ya pili Editha aliomba kikao. Alisimama karibu na mlango, macho chini, akasema, "Shikamooni. Nina jambo la salamu."

"Marahaba," wakaitikia. "Salamu zimefanya nini?"

"Jumamosi baba mkubwa alipita nyuma ya mstari." Baba mkubwa alikuwa Mzee Melkizedeki, kaka yake mwenyekiti, mshauri wa klabu, aliyekaa hapo hapo amekunja mikono juu ya fimbo. "Watu saba walikuwa mstarini, bunduki mkononi. Walipomwona, wote saba wakageuka kumwamkia. Baba mkubwa ameitikia marahaba mbele ya mitutu saba."

"Kumi na moja," alisema Idrissa. "Nyingine zina miwili."

"Naomba tuwe na kanuni. Mstarini hakuna kugeuka, hakuna shikamoo. Bunduki ziwekwe chini kwanza, ndipo watu wasalimiane."

Mzee Melkizedeki aliinua kidevu. "Kwa hiyo watoto niliowaona wakizaliwa waniamkie kwa visogo?"

"Wasikuamkie kabisa, baba mkubwa. Mpaka bunduki ziwe chini."

Hapo ndipo kikao kilipoanza kweli. Mmoja alisema heshima ikiondoka hata risasi hazitakuwa na baraka. Mwingine alisema kwao Kinyangiri kuna kijana alipita bila kumwamkia mjomba wake na mpaka leo hajapata mke. Walipinga na kukubali kwa saa tatu, chai ikaletwa mara mbili. Mwisho Simeoni, ambaye siku zote alijiona kuwa mtu wa suluhu, aliinua mkono.

"Tuipitishe," alisema. "Anachosema msimamizi ni kweli. Hakuna kugeuka mstarini, isipokuwa kwa mgeni rasmi. Mgeni rasmi hapokelewi kwa mgongo. Tukimpa mgongo, mradi wetu wa kisima umekufa."

Walipiga makofi. Katibu Anselm, mtu mwenye mwandiko mzuri na woga mwingi, aliandika hivyo hivyo.

"Samahani," alisema Editha kutoka mlangoni. "Risasi itamjuaje mgeni rasmi?"

Mwenyekiti alisema hilo ni swali zuri. Anselm akaliweka kwenye mengineyo, na siku hiyo mengineyo hayakufikiwa.

Siku ya mashindano uwanja ulipendeza. Kulikuwa na mahema mawili, meza kuu yenye kitambaa na maua ya plastiki, na bango la mita nne lililoandikwa USALAMA KWANZA kwa fedha ambayo Editha alikuwa ameomba itumike kununulia vizibo vya masikio. Juu ya mlingoti, pembeni ya meza kuu, ilikaa spika ya mshereheshaji Laurian, ikipiga nyimbo za kumsifu mgeni rasmi ambaye hajafika. Alitarajiwa saa tatu asubuhi. Saa nane mchana bado alikuwa njiani, na njia yenyewe ilikuwa ya dakika arobaini.

Simeoni alitoka nyumbani ameiacha suti yake ya Dodoma tayari imepigwa pasi na kutundikwa. Kwake safari ile ilikuwa kila kitu. Alikuwa na miaka sitini na tisa. Mwakani mkono ungeanza kutetemeka, alijua, ingawa hakumwambia mtu. Alitaka mara moja tu katika maisha yake asimame mahali ambapo jina lake linasomwa na mtu asiye wa Ilongero. Mkewe Theresia alimkimbilia mpaka kwenye bodaboda.

"Baba Michael, miwani yako!"

"Miwani ni ya kusomea Biblia," alisema, akamwambia dereva aende. Mshindi gani anavaa miwani mbele ya watu?

Mpaka saa nane na robo walikuwa wamebaki wawili mstarini, yeye na Idrissa, sawa kwa sawa. Kila mmoja alikuwa na risasi mbili na sahani mbili za bati nyeupe zilizosimamishwa mbele ya tuta la udongo. Editha alisimama nyuma yao, filimbi shingoni.

"Mstari uko tayari," alisema. "Pigeni."

Simeoni alilenga, akafyatua. Sahani ikalala. Papo hapo akasikia mlio mwingine, bega likiwa bado linamuuma, na moyoni akahesabu: mbili. Ule mlio wa pili ulikuwa wa Idrissa. Lakini mtu anayejua bunduki ana haja gani ya kuangalia?

Na hapo hapo honi zikalia barabarani.

"Mgeni rasmiii!" Laurian alilipuka kwenye spika. "Anaingia! Wote tusimame, wote tumgeukie, vigelegele!"

Idrissa aliifungua bunduki yake, akailaza chini, ndipo akainuka. Simeoni alikumbuka kanuni ya klabu, aliyoitunga mwenyewe, akageuka.

Aligeuka na tabasamu lote, na bunduki ikageuka naye, usawa wa tumbo. Mtutu ulipita kwa mchungaji, ukapita kwa shehe, ukapita kwa Mzee Melkizedeki aliyekuwa anajinyoosha suti. Ulimpita mgeni rasmi aliyekuwa ameshashushwa kando ya meza kuu, mtu wa miaka arobaini na tano ambaye wazee wa miaka sabini walikuwa wakimwamkia shikamoo, maana cheo nacho huzeesha. Simeoni alikuwa anajiandaa kuihamishia bunduki mkono wa kushoto ili wa kulia uwe huru kwa salamu, na kidole chake kilikuwa ndani.

Editha alipuliza filimbi. Ilimezwa na vigelegele.

"Baba!" alipiga kelele. Wanaume kama ishirini waligeuka, maana pale kila mtu alikuwa baba wa mtu.

"Namba Moja!"

Simeoni alisikia, akatabasamu zaidi. Alidhani anashangiliwa.

Basi Editha akavuta pumzi mpaka kwenye visigino, akaita kwa sauti aliyofundishwa jeshini.

"Simeoni! Simeoni Ntandu! Mtutu juu!"

Mzee aliganda. Hata vigelegele vilikatika. Sauti ile na jina lile vilikuwa havijawahi kukutana duniani, na kwa nukta moja hakujua kama anaitwa au ameshakufa. Kidole kilisimama pale kilipokuwa. Kisha damu ikampanda kichwani. Amemwita! Mbele ya mkoa mzima, mkamwana, amemwita kama anavyoitwa mbuzi!

"Haina kitu hii!" alifoka. Aliinua mtutu juu kama alivyoamriwa, na ili kumwonyesha binti yule kwamba amemwaibisha bure, akafyatua.

Spika ya Laurian ilipasuka katikati ya wimbo. Vipande vya plastiki viliangukia meza kuu, na meza kuu haikuwa na mtu. Wote walikuwa chini yake, mgeni rasmi na shehe wakigombea mguu mmoja wa meza.

Simeoni aliitazama bunduki yake ikitoa moshi. Kisha, polepole, akashusha macho pale mtutu ulipokuwa umeelekea kabla hajauinua. Alisimama mke wake, hatua nane tu kutoka kwake, kanga mbili na kandambili za vumbi. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka nyumbani. Mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa mbele.

"Nimekuletea miwani," alisema Theresia.

Ingeishia hapo, lakini penye mgeni rasmi hakuna jambo linaloishia linapostahili. Anselm aliruka mbele ya meza kuu, jasho linamtiririka, mikono juu.

"Mheshimiwa!" alipaza sauti, maana spika ilikuwa marehemu. "Na hilo ndilo lilikuwa igizo letu la elimu ya usalama wa silaha!"

Kisha mtu mmoja akapiga makofi, wakafuata wawili, uwanja mzima ukashangilia. Mgeni rasmi alitoka chini ya meza akipangusa magoti, rangi imemrudia usoni.

"Nimefurahi sana," alisema. "Nakiri, hata mimi niliingia mkenge. Uhalisia ulikuwa wa hali ya juu. Mzee huyu na binti huyu ndio watu wa kutuwakilisha Dodoma, pointi zisitusumbue." Makofi. "Ila mpiga picha wangu alikuwa hajafungua begi. Naomba mrudie."

Anselm alimshika Simeoni kiwiko. "Umeponea chupuchupu, mwenyekiti," alinong'ona. "Rudia tu mara moja, bila risasi. Dodoma hiyo."

Mzee Melkizedeki naye alisogea, bado ana majani kwenye koti. "Na ikiwa ni igizo," alisema kwa busara, "basi mkamwana hakulitamka jina lako. Ameigiza. Hatutamtoza kitu."

Kila mtu alikuwa amepona. Laurian, asiyekuwa na spika, alijifanya mwongozaji. Alimshika Theresia mabega, akamrudisha hatua moja. "Hapa hapa, mama. Inua mkono na miwani hivyo hivyo. Usitabasamu."

Theresia alimtazama mumewe. "Nisimame hapa tena, baba Michael?"

Simeoni alihisi mikono inatetemeka, na haikuwa uzee. Suti ilikuwa imetundikwa nyumbani. Mgeni rasmi alikuwa akingoja, mpiga picha amepiga goti. Lililotakiwa lilikuwa kuinua kitu chepesi na kumwelekezea mwanamke aliyezaa naye watoto watano. Bunduki ilikuwa tupu, alijua kwa hakika. Dakika tano zilizopita pia alijua kwa hakika.

Aliikunja bunduki ikafunguka. Maganda mawili yalidondoka kwenye vumbi. Aliilaza chini, mdomo ukitazama tuta, akarudi nyuma hatua mbili kama mtu anayeondoka kwa nyoka.

"Mheshimiwa," alisema, "halikuwa igizo."

"Mwenyekiti..." Anselm alianza.

"Nyamaza, Anselm. Nilitaka kukusalimia wewe, mheshimiwa, nikamwelekezea mke wangu bunduki yenye risasi. Kidole kilikuwa ndani. Kanuni iliyonigeuza niliitunga mimi, na msimamizi huyu nilimchagua mimi, kwa sababu nilijua hawezi kuniita jina." Alimgeukia Laurian. "Sirudii. Na yule mwanamke aondoke pale!"

Theresia aliondoka. Mgeni rasmi alicheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye, akaitazama saa yake.

Simeoni alikwenda mpaka kwa Editha. Binti alikuwa ameketi kwenye debe, daftari magotini, machozi yanashuka na kalamu inaandika. Kwenye safu ya waliotolewa mchezoni aliandika: Namba Moja.

"Futa," alisema mzee. "Andika jina."

"Siwezi, baba."

"Andika. Kesho mtu akisoma asidhani namba ndiyo iliyotaka kuua."

Editha aliandika, amelifunika neno kwa kiganja cha kushoto, herufi moja moja.

Idrissa alikwenda Dodoma akawa wa kumi na moja. Wazee walikaa, wakaamua kwamba, kwa kuwa igizo limekataliwa na mwenye igizo, jina lilitamkwa kweli, na mkamwana atatoa kondoo. Jioni hiyo hiyo kondoo alifika kwa Mzee Melkizedeki akivutwa kamba na Simeoni mwenyewe, ametoka zizini kwake, na wazee wakala nyama bila kuuliza sana. Kamati nayo ilikaa kuyafuta maneno "isipokuwa kwa mgeni rasmi." Ilichukua saa tatu, na azimio lilianza kwa kumshukuru mgeni rasmi.

Jumamosi iliyofuata Simeoni, aliyekwisha kuuacha uenyekiti, alisimama kwenye mstari wa wanaoanza, miwani usoni. Wanaoanza hawapewi bunduki mwezi wa kwanza. Wanashika mpini wa jembe, na wanatakiwa kuushika kama una risasi. Watu walikuja kutoka mbali kumtazama mwenyekiti wa zamani akililenga tuta kwa mpini.

Mzee Melkizedeki alipita nyuma yake, akasimama. Akakohoa. Akangoja shikamoo ya mdogo wake, akakohoa tena kwa nguvu zaidi. Nyuma yake alikuwa anakuja Theresia na chupa ya chai.

Simeoni hakugeuka. Shingo ilimkaza, masikio yalimwaka, lakini macho yalibaki kwenye tuta na kidole kilinyooka kando ya mpini.

"Mstari," alisema Editha taratibu. "Silaha chini."

Aliinama, akaulaza mpini kwenye vumbi, akauangalia mara mbili kama kweli umelala. Ndipo akageuka na mikono mitupu, akampita kaka yake bila kumwona, akamtafuta mkewe.

"Habari ya njiani, mama Michael?"

Theresia alikuwa amesimama usawa ule ule wa siku ile, hatua nane.

"Salama," alisema.